Kimeta, maabara na nyama ya kibudu

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Safari hii ni mzee mmoja bomani, mbele ya ng'ombe aliyekufa usiku, damu nyeusi inamtoka puani na haigandi. "Daktari, hiki kimeta, ugonjwa huu wa mifugo unaoua na watu, si kimetengenezwa kwa kuchezea vinasaba?" Nimechoka na swali hili. Leo nalijibu kwa kirefu, maana linaua watu.

Wengi wanadhani silaha ya kibaiolojia lazima iwe kiumbe kipya kilichoundwa maabara. Waingereza walijaribu bomu la kimeta kwenye kisiwa cha Gruinard, Scotland, mwaka 1942, wakati hakuna aliyejua kubadilisha jeni. Bakteria wa asili alitosha. Mbegu zake, yaani bakteria waliojifunga ndani ya ganda gumu, zilikaa kwenye udongo ule hadi kisiwa kikasafishwa, kikatangazwa salama mwaka 1990.

Halafu kuna Sverdlovsk, Muungano wa Kisovieti, Aprili 1979. Mbegu za kimeta zilivuja kwenye kituo cha kijeshi, wakafa watu wasiopungua 66. Serikali ikasema wamekula nyama yenye ugonjwa, ikashikilia hivyo zaidi ya miaka kumi. Lakini Faina Abramova, daktari aliyepasua maiti, alikuta ubongo umefunikwa na damu kama kofia nyekundu, na tezi za kifuani zimevimba, zimejaa damu. Aliyekula nyama mbaya ugonjwa humwanzia tumboni. Hawa walikuwa wameuvuta kwa pumzi. Yeye na mwenzake Lev Grinberg wakavificha vipande vya miili ile, majasusi wa KGB wasivipate. Mwaka 1992 Matthew Meselson, mwanabiolojia wa Marekani, na wenzake wakaenda huko, wakapita kwa familia wakiuliza: marehemu alikuwa wapi mchana wa tarehe 2 Aprili? Kila jibu wakalitia alama kwenye ramani. Alama zikajipanga ukanda mwembamba, kufuata upepo wa siku ile, na vijiji vilivyopoteza mifugo, hadi kama kilomita 50 mbele, vikaangukia mstari uleule. Vinasaba kutoka vipande vile viliposomwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2016: hakuna dalili kwamba jeni zilichezewa.

Kule ilikuwa maabara, watu wakaambiwa ni nyama. Kwetu ni nyama, na watu wanaambiana ni maabara, huku nyama wakiendelea kuila.

Sisemi uhandisi jeni hauna hatari. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walichapisha kwamba wameunda upya virusi vya ndui ya farasi kutokana na vipande vya vinasaba walivyoagiza. Zamani nilijifariji kwamba ndui ya binadamu imebaki kwenye maabara mbili tu, Atlanta ya Marekani na Koltsovo ya Urusi. Lakini kama ya farasi imeundwa upya, ya binadamu nayo huenda ikaundwa; faraja hiyo sinayo tena. Na mkataba wa 1972 unaopiga marufuku silaha hizi hauna wakaguzi. Wasovieti waliutia saini, na Sverdlovsk ikatokea miaka minne baada ya kuanza kutumika. Kwa hiyo ukiniambia serikali hudanganya, sibishani nawe.

Wala darubini yangu haiwezi kuniambia kama jeni zimeguswa. Inanionyesha vijiti vya bluu vimeungana kama pingili za muwa, vimezungukwa na utando wa waridi, basi. Kinachonishawishi ni mahali penyewe: malisho yaleyale yaliyoua ng'ombe miaka ya nyuma, ukame umeyala majani mpaka mifugo inalamba udongo, na kundi halijachanjwa.

Nilimweleza mzee hayo kwa ufupi huku nikichukua damu kwenye sikio la mzoga, maana kuupasua ni kuzimwaga mbegu ardhini upya. Alinyamaza kidogo.

"Na yule wa juzi, tuliyemchinja alipokwisha kufa?"

"Mzee wangu, nyama ilifika nyumba ngapi?"

"Tano."

Tukawaacha vijana wakilinda mzoga, mbwa wasiukaribie, tukaenda nyumba ya kwanza. Mama alinionyesha mkono wa mwanawe: kidonda hakimuumi, katikati kimekuwa cheusi kama mkaa.