Kuchora mikoko kabla maji hayajajaa

Bahari ya Chwaka, Unguja, haimngoji mchoraji. Maji yakipwa, kinachobaki ni tope na mizizi. Baada ya saa sita hivi yamejaa tena. Kesho yake mapwa huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukirudi saa ile ile kumalizia picha, huikuti ghuba uliyoiacha.

Zamani jambo hili lilinikera. Nilikuwa nafukuzia kila kidimbwi: nainamisha kichwa nikipake rangi, nikiinua macho hakipo. Siku hizi naanza na vivuli, maana jua ndilo linaloniponyoka kwanza, kisha ukingo wa maji. Mstari huo nikishaupiga siuhamishi tena. Mizizi naiacha mwisho. Ina subira kuliko mimi.

Hapo kwenye mizizi ndipo ninapokawia. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama mbavu za jahazi lisilopigwa mbao bado. Jirani yake, mchu, huchomoza vijizizi juu ya tope kama penseli, vipate hewa. Jani lake hutoa chumvi, lirambe utaniamini. Haya niliyatafuta baada ya kuaibishwa na picha zangu mwenyewe. Nilikuwa nachora mti umesimama wima topeni kama nguzo ya umeme, na yeyote aliyeitazama aliona kwamba utaanguka. Kalamu ilinilazimisha kuuliza mzigo umebebwa na nani.

Mbegu ya mkoko huota ingali mtini, kisha hudondoka kama mkuki. Inayokosa tope huelea, ikatafute pengine. Niliwahi kuchora moja iliyokwisha kujichomeka, ikiwa na majani mawili. Bamvua, yale maji yanayojaa kupita kawaida, likaja, nikaikosa. Kwenye picha sikuifuta.

Picha hiyo hiyo ina kosa jingine, la kwangu. Maji baridi ya kuchanganyia rangi yaliniishia, nikachota ya bahari. (Usijaribu na picha ya mteja.) Yalipokauka, chumvi ilibaki ndani ya karatasi, na chumvi hupenda unyevu. Basi kila masika karatasi ile hulegea ukutani na buluu yake hukoza, kana kwamba nimeipaka jana. Kiangazi kikifika hukauka, ikakunjamana pembeni. Rafiki alinishauri niifunge kwenye kioo. Sijaifunga.