Ubeberu wa Marekani: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Mwulize mtu aliyesoma historia katika shule zetu habari za ubeberu, naye atakutajia mkutano wa Berlin, Mwingereza, Mjerumani, Mfaransa, Mbelgiji na Mreno. Marekani haimjii akilini. Akiikumbuka, huiweka upande wa waliotawaliwa, maana nayo iliwahi kupigana ili ijitoe mikononi mwa Mwingereza. Kwa sababu hiyo habari za Ufilipino, Hawaii, Kuba na Puerto Rico zimetufikia kwa mdomo wa aliyeshinda: eti vita vilikuwa vifupi, visiwa vilipatikana kwa bahati tu, na wenyeji walifurahi. Kumbe wenyeji hao walikuwa na serikali, katiba, magazeti na wajumbe, na walisema waziwazi walichokitaka. Wakubwa wa Washington waliwasikia, wakaamua vingine.

"Yote yalianza ghafla mwaka 1898"

Mwaka 1898 ni mwaka wa vita vya Marekani na Hispania, lakini mambo yalianza zamani. Mwaka 1856 Marekani ilipitisha sheria iliyowaruhusu raia wake kutwaa visiwa visivyo na wenyewe vyenye mbolea ya kinyesi cha ndege. Mwaka 1867 ikainunua Alaska kwa Urusi, ikachukua na kisiwa cha Midway katikati ya Pasifiki. Pwani yetu nayo iliwajua Wamarekani mapema: mkataba wao na Sayyid Said ni wa 1833, na konseli wao alikaa Zanzibar tangu 1837. Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Marekani, walileta kitambaa cha merikani, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Hiyo ilikuwa biashara, na tusiichanganye na utawala. La Kongo ni jambo jingine. Aprili 22, 1884, miezi kadhaa kabla ya mkutano wa Berlin kuanza, Marekani ilikuwa dola ya kwanza kuitambua bendera ya jumuiya ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, baada ya Henry Shelton Sanford, mwanadiplomasia wa Kimarekani, kumfanyia Leopold kampeni huko Washington. Yaliyowapata watu wa Kongo chini ya bendera ile yanajulikana.

"Vita na Hispania vililetwa na magazeti"

Kuna kisa maarufu cha William Randolph Hearst, mwenye gazeti la New York, kumwandikia mchoraji wake aliyekuwa Kuba: wewe leta picha, vita nitaleta mimi. Simu hiyo ya maandishi haijawahi kuonekana. Kisa kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1901, na Hearst mwenyewe alikikana. Magazeti yalichochea, ndiyo, hasa baada ya manowari Maine kulipuka katika bandari ya Havana Februari 15, 1898 na kuua mabaharia wapatao 260. Uchunguzi wa jeshi la majini mwaka huohuo ulisema ni bomu la kutegwa. Uchunguzi wa mwaka 1976, ulioongozwa na Admirali Hyman Rickover, uliona kwamba yaelekea moto ulianzia ndani ya meli, kwenye ghala la makaa ya mawe, ukafikia baruti.

Ukiyapa magazeti lawama yote, unawasahau Wakuba wenyewe. Walikuwa vitani dhidi ya Hispania tangu 1895, na walikuwa wameichosha. Unasahau pia fedha za Wamarekani zilizokuwa katika mashamba ya miwa, na wanasiasa waliotaka vituo vya kujazia meli makaa njiani kuelekea soko la China.

"Marekani iliikomboa Kuba"

Bunge la Marekani liliahidi, kabla ya vita, kwamba halitaitwaa Kuba. Lakini Santiago ilipoanguka Julai 1898, wapiganaji wa Kuba walizuiwa kuingia mjini, na Jenerali wao Calixto García akaandika barua ya kulalamika. Mwaka 1901 Wakuba wakaambiwa kwamba jeshi la Marekani haliondoki mpaka waingize ndani ya katiba yao masharti yaliyoitwa ya Platt, yakiwamo haki ya Marekani kuingilia kati na kupewa ardhi ya kituo cha majini. Wajumbe wa bunge la katiba waliyakubali kwa kura 16 dhidi ya 11. Wanajeshi wa Marekani walirudi kuitawala Kuba kuanzia 1906 hadi 1909, na kituo cha Guantánamo hakijarudishwa mpaka leo.

"Wahawaii waliomba kujiunga"

Hili linaniuma zaidi, kwa sababu ushahidi upo, na una majina ya watu.

Januari 1893 kikundi cha wafanyabiashara na wanasheria, wengi wao wenye asili ya Kimarekani na waliofungamana na uchumi wa sukari, kilimpindua Malkia Liliʻuokalani. Siku moja kabla, wanajeshi na mabaharia 162 wa manowari Boston walikuwa wameteremshwa Honolulu kwa idhini ya balozi wa Marekani, John L. Stevens. Malkia alisema bayana kwamba anasalimu amri mbele ya nguvu za Marekani, na kwamba anapinga. Rais Grover Cleveland alituma mtu kuchunguza, akakiri kwamba dhuluma imetendeka, lakini kiti cha malkia hakikurudi.

Serikali ya Washington ilipobadilika, ukaandikwa mkataba wa kuitwaa Hawaii. Wenyeji wakapita kisiwa hadi kisiwa mwaka 1897 wakikusanya sahihi. Karatasi za wanaume zilikuwa mbali na za wanawake, na penye jina paliandikwa na umri, wazee kwa vijana. Zilipatikana sahihi zaidi ya 21,000, wakati Wahawaii wote, pamoja na machotara, hawakufika 40,000. Wajumbe wanne, akiwamo James Kaulia, walizipeleka Washington mwezi Desemba, wakaenda kwa maseneta mmoja mmoja. Wakashinda: theluthi mbili ya kura iliyohitajika kupitisha mkataba ikakosekana.

Vita na Hispania vilipoanza, wenye nia ile wakapita mlango mwingine. Badala ya mkataba wakaleta azimio la pamoja la mabunge mawili, ambalo huhitaji wingi wa kawaida tu. Katika Seneti likapita kwa kura 42 dhidi ya 21, na Rais McKinley akalitia saini Julai 7, 1898. Zile karatasi bado zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Marekani. Mwaka 1993 Bunge la Marekani liliomba radhi rasmi kwa mapinduzi yale. Ardhi iliyotwaliwa radhi hiyo iliitaja, lakini haikuirudisha.

"Ufilipino ilitekwa kutoka kwa Wahispania, na Wafilipino hawakuwa na taifa"

Mei 1, 1898, kikosi cha George Dewey, kamanda wa manowari za Marekani, kiliziteketeza meli za Hispania katika ghuba ya Manila kwa saa chache. Askari wa nchi kavu wa kuuteka mji hakuwa nao. Waliouzingira mji walikuwa Wafilipino chini ya Emilio Aguinaldo, aliyeletwa kutoka Hong Kong na meli ya Wamarekani haohao. Juni 12 Aguinaldo alitangaza uhuru mjini Kawit. Wahispania waliobanwa ndani ya kuta, maji yamekatwa, waliona heri wajisalimishe kwa Wamarekani kuliko kwa watu waliowatawala kwa zaidi ya miaka 300. Konseli wa Ubelgiji akawa mpatanishi, na pande mbili zikapanga pigano la kuigiza.

Asubuhi ya Agosti 13 meli za Dewey zilipiga mizinga kwenye ngome kuukuu ya San Antonio Abad, kisha zikapandisha bendera za ishara za kumtaka adui asalimu amri, na mjini bendera nyeupe ikaonekana. Sharti lilikuwa Wafilipino wasiingie. Wapo askari waliokufa siku hiyo, maana si wote walioambiwa kwamba ni maigizo. Tena mapatano ya kusitisha vita yalikuwa yametiwa saini Washington siku moja kabla. Manila hawakupata habari kwa sababu Dewey mwenyewe alikuwa ameukata waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari.

Mjumbe wa Wafilipino, Felipe Agoncillo, alisafiri hadi Paris, asiruhusiwe kuingia katika mazungumzo yaliyoamua nchi yake iuzwe kwa dola milioni 20. Januari 1899 Wafilipino wakawa na katiba, iliyoandikwa Malolos. Februari 4 askari wa Kimarekani akafyatua risasi pembeni mwa Manila, na vita vikaanza. Siku mbili baadaye Seneti ikaupitisha mkataba huo wa Paris kwa kura 57 dhidi ya 27.

Husimuliwa kwamba McKinley alipiga magoti usiku akaomba, akajibiwa kwamba awaelimishe Wafilipino na kuwafanya Wakristo. Maneno hayo yalichapishwa 1903, McKinley akiwa ameshauawa. Wafilipino wengi walikuwa Wakatoliki kwa karne tatu, na chuo kikuu chao cha Santo Tomás kilianzishwa 1611, miaka 25 kabla ya Harvard.

"Vilikuwa vita vidogo"

Marekani ilipeleka askari wapatao 126,000. Walikufa zaidi ya 4,200 kati yao. Kwa upande wa Wafilipino walikufa wapiganaji wapatao 20,000, na raia wasiopungua 200,000, wengi kwa njaa na kipindupindu. Baada ya wanakijiji wa Balangiga kuwashambulia na kuwaua Wamarekani 48 Septemba 1901, Jenerali Jacob Smith aliagiza kisiwa cha Samar kiteketezwe, na kila mwenye umri wa kuanzia miaka kumi aweza kuuawa. Mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani, adhabu yake ikawa karipio, kisha akastaafishwa. Huko Batangas Jenerali Franklin Bell aliwahamishia wanavijiji katika maeneo yaliyolindwa na kuchoma vilivyobaki nje. Ndiyo mbinu ileile ya Hispania kule Kuba ambayo Wamarekani walikuwa wameiita ukatili.

Rais Theodore Roosevelt alitangaza mwisho wa vita Julai 4, 1902. (Ndiye yuleyule aliyeshuka Mombasa Aprili 1909, na huku kwetu hukumbukwa kama mwindaji tu.) Kusini, kwa Waislamu wa Jolo na Mindanao, mapigano yaliendelea hadi 1913. Machi 1906, juu ya mlima Bud Dajo, jeshi liliwaua Watausug, kabila la Waislamu wa Jolo, waliokimbilia huko, wanawake na watoto wakiwamo. Makadirio ya chini ni watu 600. Ipo picha ya wanajeshi wamesimama ukingoni mwa handaki lililojaa maiti, wametulia kama watu waliopanga mstari kwa mpiga picha.

"Wamarekani wote waliunga mkono"

Chama cha kupinga ubeberu kilianzishwa Boston mwaka 1898, kikawa na watu kama Mark Twain, tajiri Andrew Carnegie na Cleveland mwenyewe. Tusiwapambe lakini. Baadhi ya waliopinga hawakuwa na huruma kwa Wafilipino: walichelea watu weusi na wa njano kuongezeka nchini mwao, au vibarua wa bei rahisi. Kwa upande mwingine, David Fagen, askari mweusi wa kikosi cha 24, aliacha jeshi akajiunga na Wafilipino na kupigana akiwa ofisa wao.

"Hayo yamepita"

Ufilipino ilipata uhuru 1946. Puerto Rico, Guam na sehemu ya Samoa ya mashariki, ambayo Marekani iliipata ilipogawana visiwa hivyo na Mjerumani mwaka 1899, bado ziko chini yake. Mwaka 1901 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya machungwa ya Puerto Rico yaliyotozwa ushuru New York kana kwamba yametoka nchi ya kigeni. Ilihukumu kwamba kisiwa ni mali ya Marekani lakini si sehemu yake katika jambo hilo, na kwamba katiba haikifuati kisiwa chote kwa chote. Msingi wa hukumu hiyo haujafutwa. Wapuertoriko ni raia tangu 1917, wamewahi kuitwa jeshini kwa lazima, na wakikaa kisiwani kwao hawampigii kura rais anayewaamuru.