Mshahara sio bumu, wala sio mnada wa korosho

Juzi kaja kijana ofisini kwetu hapa Mtwara mjini, mtoto wa Tandahimba, kamaliza digrii mwaka jana na sasa ana miezi minne kazini, anataka mkopo. Mimi ni afisa mikopo kwenye saccos, chama cha akiba na mikopo, mwaka wa tisa huu, na kitu cha kwanza kumuomba mtu ni silipu ya mshahara. Akaitoa mfukoni, kaikunja mara nne kama karatasi ya dawa. Nikamuuliza unalipwa ngapi? "Laki saba." Haya, soma mstari wa chini kabisa. Akasoma kimya kimya.

Tupige hesabu pamoja maana wengi hampigi. Mshahara wa msingi 700,000, kampuni binafsi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, anakatwa asilimia 10, hiyo 70,000. Inabaki 630,000 ndio inapigwa kodi: 270,000 ya kwanza haiguswi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, inayozidi hapo kwake ni asilimia 20, jumla PAYE, yaani hiyo kodi ya mshahara, inakuja 42,000. Halafu Bodi ya Mikopo, wale waliomkopesha chuoni, wanachukua asilimia 15 ya ule mshahara wa msingi, 105,000. Mkononi inafika 483,000, na yeye ile laki saba yote alishaigawa, geto, pikipiki, michango ya harusi tatu.

Kuhusu Bodi nasema moja tu, msiwakimbie. Ile asilimia 6 ya kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na faini ya asilimia 10 ikaondoka, kwa hiyo deni lile halizai tena kila mwaka. Hakuna sehemu nyingine utapata hela ya namna hiyo, sasa mtu anayekopa kwingine kwa riba ili "amalizane na Bodi" huwa simuelewi kabisa.

Mimi nina nadharia yangu kuhusu sisi watu wa kusini. Nyumbani hela tumeiona ikiingia kwa mkupuo, minada ya korosho inaanza Oktoba, AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, wanalipa, mtaa mzima unanuka mabati mapya, unyago unachezwa, ikifika Machi nyumba ile ile inakopa unga dukani. Unatoka hapo unaenda chuo unakutana na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, nalo mkupuo, wiki mbili chipsi kuku halafu mnarudi kwenye uji. Yaani mtu ana miaka 24 hajawahi hata siku moja kushika hela inayokuja kidogo kidogo kila mwezi, unategemea aijue saa ngapi? Tarehe 25 kwake ni Oktoba, tarehe 8 ni Machi.

Na sisemi kama malaika. Mshahara wangu wa kwanza nilinunua sabufa kabla ya kitanda, nikalala kwenye mkeka chumbani Chuno miezi miwili nasikiliza besi, majirani wananinunia.

Ila hao hao wazee wa korosho, wale waliofanikiwa, wana kitu. Wakilipwa, kabla ya bati hata moja, wanatenga hela ya palizi na ya dawa ya salfa, kwa sababu mkorosho usipopuliziwa, ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua na mwakani hakuna mnada wako. Fanya hivyo hivyo, siku ile ile meseji ya benki inapoingia, hamisha kwanza, hata elfu 40, ndio ule inayobaki. Iweke mahali ambapo kuitoa kunachukua siku kadhaa, mfano mfuko wa uwekezaji wa Ukwasi wa UTT AMIS, unaweza kuweka kwa simu. Saccos pia, ila hapo nitakuwa najipigia debe.

Narudi kwa yule kijana. Nilipomuuliza madeni mengine akaniambia hamna, halafu simu yake haikai kimya. Kumbe alishakopa kwenye programu tatu za simuni, moja inalipa nyingine, na mjomba wake Tandahimba alishatumiwa meseji za kumdhalilisha wakati hajawahi kumdhamini mtu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na watu bado wanapakua. Kabla hujabonyeza "kubali" angalia kama inaomba ruhusa ya kusoma namba zote za simu yako, ukiona hivyo jua dhamana ni aibu yako.

Alitaka milioni tatu. Sisi tunakopesha mara tatu ya akiba na akiba yake ni 20,000 ya kufungulia, kwa hiyo kihalali alistahili 60,000 tu. Nikamwambia alipe zile programu kuanzia ndogo, aanze kukatwa akiba, aje Januari. Hakufurahi hata kidogo, akatoka, akasimama kwenye korido akampigia mjomba, nikamsikia, "Hawa jamaa wana roho mbaya, na fomu wamenijazisha."