Maji yanapita, samaki hapiti: dhana potofu kuhusu kazi ya kupima vijito

Vijana wanaomaliza biolojia hapa Bukavu huniuliza mara kwa mara kuhusu kazi ya muda ya kukagua vijito: kutembea kivuko hadi kivuko, yaani kila mahali barabara inapovuka kijito, kupima kalvati (bomba linalopitisha maji chini ya barabara), kisha kuandika kama samaki anaweza kupanda mto au amezuiwa. Ni kazi nzuri ya kuanzia maisha. Lakini karibu wote wanakuja na mawazo yaleyale. Kuna moja nimelisikia kwa wanafunzi, kwa watu wa barabara na kwa wenye mashamba, hadi limenichosha. Naanza na hilo.

“Maji yanapita, basi na samaki anapita.”

Hapana. Maji yanashuka, na samaki tunayemfuatilia anapanda. Barbusi mkubwa wa Ziwa Kivu, *Labeobarbus altianalis*, huliacha ziwa na kupanda mito ili atage mayai. Barbusi wadogo na kambale wa vijito nao huhama juu na chini wakitafuta chakula, maji na mahali pa kujificha. Kalvati inaweza kupitisha kila tone linaloshuka kutoka Kahuzi na bado ikawa ukuta kwa hao wote.

Ukifika kwenye kivuko, nenda kwanza mdomo wa chini, kule maji yanakotokea. Wengi husimama barabarani, wakainama upande wa juu, wakaona maji yanaingia vizuri, wakaandika “sawa”. Upande wa juu haukwambii kitu. Shuka chini na mara nyingi utakuta bomba linaning’inia: maji yanatoka hewani na kudondokea shimoni. Siku ya ujenzi huenda hali haikuwa hiyo. Bomba likiwa jembamba kuliko mto, maji hubanwa, huongeza kasi na kuchimba chini ya mdomo, mvua baada ya mvua, mpaka kitako cha mto kinashuka na bomba linabaki juu. Kwa hiyo mtu akiniambia “walilijenga sawa na mto”, namwomba alete utepe tupime leo. Pima kutoka uso wa maji ndani ya bomba hadi uso wa maji shimoni. Kisha pima kina cha shimo lenyewe, kwa sababu hata samaki mrukaji anahitaji maji ya kutosha chini yake ili ajirushe. Kambale si mrukaji. Mdondoko mdogo tu unamfungia njia.

Tuseme mdomo hauning’inii. Bado kuna kasi. Samaki wengi wakikimbia kwa nguvu zote hufikia, kwa makadirio, urefu wa mwili wao mara kumi kwa sekunde, na hawawezi kushikilia kasi hiyo zaidi ya sekunde 20 hivi. Chukua bomba la mita 12 lenye maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde. Barbusi wa sentimita 5 anaogelea nusu mita kwa sekunde: maji yanamrudisha alikotoka. Barbusi wa sentimita 15 anaweza mita moja na nusu, kwa hiyo anasonga mbele nusu mita kila sekunde. Anahitaji sekunde 24 kufika upande wa pili, na nguvu zinamwishia kabla. Mtoni angejificha nyuma ya jiwe apumzike. Ndani ya bomba la saruji laini hakuna jiwe. Ndiyo maana fomu ya ukaguzi inauliza kama kuna mchanga na mawe ndani ya kalvati, na ndiyo maana nakasirika nikikuta nafasi hiyo imeachwa wazi.

Kuna na ushahidi unaoletwa dhidi yangu kila mara: “Shefu, hapa chini ya bomba pamejaa samaki, watoto wanawachota kwa vikapu!” Naam, wamejaa. Wamepanda hadi hapo, wamekwama, wamesongamana. Shimo lenye samaki wengi chini ya bomba linaloning’inia, na kijito kisicho na samaki mita chache juu yake, ni dalili ya kizuizi. Watoto wale wamegundua mahali samaki anaposhindwa kuendelea. Waulize wanavua miezi gani na wanapata samaki wa ukubwa gani, uandike majibu yao.

“Kazi yenyewe ni kuvua samaki.”

Kuna siku mtashika wavu, lakini siku nyingi utashika utepe, fimbo ya kupimia, GPS, kamera na fomu. Wapo wanaovunjika moyo wakijua hivyo, na ni bora wajue mapema. Kasi unaipima kwa chungwa: liache lielee mita 10, hesabu sekunde, rudia mara tatu, kisha zidisha kasi uliyopata kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Upana wa mto usiupime karibu na kalvati, kwa sababu kalvati imeshauharibu. Panda juu mpaka uone kingo za asili, pima pale mto unapojaa kabla ya kufurika, na usiridhike na sehemu moja. Andika kwa kalamu ya risasi. Wino ukilowa, siku nzima ya kazi imepotea, na simu nayo huzimika betri ikiisha.

“Ni kazi ya muda tu, haina uzito.”

Anayeamua kalvati ipi itengenezwe hafiki mtoni. Anasoma namba zako. Ukikadiria mdondoko kwa macho ukiwa barabarani, kosa lako linakwenda moja kwa moja kwenye bajeti ya mtu mwingine.

“Vipimo viko kwenye vitabu, tunanakili.”

Miongozo mingi inayosomwa imetoka magharibi mwa Marekani, ambako vijana kama ninyi huajiriwa kwa msimu kufanya kazi hii kwa ajili ya samoni. Huko jambo hili lilifika mbali: mwaka 2013 mahakama iliamuru jimbo la Washington lirekebishe kalvati zilizozuia samoni, na mwaka 2018 amri hiyo ikabaki baada ya majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani kugawanyika 4 kwa 4. Njia zao za kupima ni nzuri, zitumieni. Lakini namba zao za kuhukumu zina mwenyewe. Washington huhesabu mdondoko wa sentimita 24 kuwa kizuizi, na samaki wa kipimo chao ni trauti wa sentimita 15. Ukimwekea kambale mdogo wa kijito cha Kabare kipimo hicho, utaandika “anapita” mahali asipopita kamwe. Andika mdondoko wenyewe kwa sentimita. Hukumu itafuata samaki wa hapa.

“Kiangazi ndiyo wakati wa kupima, mvua tupumzike.”

Kiangazi ni rahisi kwa miguu yako. Kalvati ileile ina shida mbili tofauti: Julai maji hutandazwa kwenye sakafu ya zege mpaka hayafuniki mgongo wa samaki, na Novemba kasi inamshinda. Anayetaga wakati wa mvua anakutana na kalvati ya mvua. Ukienda mara moja tu, andika tarehe na hali ya maji kwa herufi kubwa. Na wakati wa mvua usiingie ndani ya bomba, wala usifanye kazi peke yako. Jua linaweza kuwaka Kavumu huku mvua ikipiga mlimani, na maji yakateremka bila kukuaga.

“Mto Kawa wa hapa mjini umekufa, ya nini kuupima?”

Taka zilizoziba mdomo wa juu wa kalvati ni kipimo kama kingine. Piga picha, andika imezibwa kwa kiasi gani, endelea. Kutoona samaki siku moja hakuthibitishi kwamba hakuna samaki.

“Kila kizuizi ni kibaya, kiondolewe.”

Maporomoko ya asili hatuyagusi. Ruzizi inatoka Kivu, kwenye mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, inateremka hadi Tanganyika kwenye mita 770 hivi, na makorongo yake yametenganisha samaki wa maziwa haya mawili tangu zamani sana. Sambaza tunayokula Bukavu ni samaki wa Tanganyika. Hakupanda Ruzizi, aliletwa na watu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kivu ina aina zake za samaki wa *Haplochromis* ambazo hazipatikani kwingine, na ukifungua njia ya asili iliyofungwa hujui utamwingiza nani kwao. Ukikuta poromoko la mwamba, lipime urefu, lipige picha, liandike kwenye nafasi ya vizuizi vya asili, kisha nenda kwenye kalvati inayofuata.