Bodi ya faibaglasi haiondoi kelele kwenye kitambua radi

Wengi hudhani kitambua radi kama Stormscope WX-500, kifaa cha kumwonyesha rubani radi kwa vidoti kwenye skrini, hakina shida kwenye ndege ndogo ya faibaglasi: bodi inapitisha mawimbi, basi antena ifichwe popote ndani. Ni nusu kweli, na kwa bodi ya kaboni si kweli kabisa, maana kaboni huzuia mawimbi.

Antena hii husikiliza karibu na kilohezi 50, na hutegemea bati la bodi kwa mambo mawili: kuwa bamba lake la chini la umeme (ground plane), na kuikinga na kelele za umeme za ndani ya ndege. Faibaglasi haitoi lolote kati ya hayo. Kwa hiyo laza wavu au karatasi ya metali chini ya antena, kwa ukubwa uliotajwa kwenye kitabu cha ufungaji, na uiunganishe vizuri na waya hasi wa ndege.

Kabla ya kutoboa bodi, shikilia antena pale ulipokusudia, injini ikiwaka, anga likiwa safi. Washa kimoja kimoja: altaneta (jenereta ya injini), taa za kumweka, pampu ya mafuta. Vidoti vikitokea, ni kelele si radi; hamisha antena. Redio nayo huzusha vidoti unapoongea. Ndiyo maana kuna waya wa kunyamazisha kitambuzi wakati huo. Mafundi wengi huusahau.