Alzheimer: Protini tunazozichunguza si za kwenye mboga, na damu ya mzee haiuzwi

Kila ifikapo Septemba, mwezi ambao dunia nzima huutumia kuelimishana kuhusu Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaompotezea mtu kumbukumbu, na hasa tarehe 21, sisi tunaofanya utafiti wa ubongo hapa Mwanza hutoa elimu katika vituo vya afya na redioni. Safari hii maswali yaliyoturudia yametulazimu kuandika, kwa sababu baadhi ya dhana zilizomo ndani yake zimeanza kuwaumiza wazee. Zipo familia zilizowanyima wazee wao dagaa, maharage na mayai baada ya kusikia kwamba tunachunguza protini zinazoharibu ubongo. Zipo nyingine zinazoamini kwamba damu tunayoichukua kwa wazee kwa ajili ya utafiti inauzwa nje. Na bado lipo lile la siku nyingi, la bibi anayetoka usiku na kupotea njia kisha akaitwa mchawi.

Suala la chakula halihitaji mjadala. Protini ya sato, ya dagaa au ya choroko humeng'enywa tumboni na kwenye utumbo mpaka ikawa amino asidi, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, na mwili huzitumia hizo kujenga protini zake wenyewe kwa maelekezo ya jeni. Protini tunazozichunguza hutengenezwa na seli za ubongo, katika kila binadamu, awe kijana au mzee, awe anakula samaki kila siku au hali kabisa. Mzee aliyenyimwa dagaa hapunguziwi protini hizo hata kidogo. Anachopunguziwa ni misuli na nguvu, na mzee aliyedhoofika huanguka na kuvunjika. Tunaziomba familia hizo zimrudishie mzee chakula chake leo.

Mwaka 1906 daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliuchunguza kwa hadubini ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter, mwanamke aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51 tu, akiwa amepoteza kumbukumbu na kuwashuku watu wa nyumbani kwake. Aliona mabonge yaliyoganda nje ya seli za neva, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli hizo. Ilichukua miongo mingi kujua vitu hivyo vimeundwa na nini. Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong walifanikiwa kuitenga protini ambayo baadaye ilithibitika kuwa ndiyo kiini cha mabonge hayo, na leo tunaiita amiloidi beta. Ni kipande kifupi kinachokatwa na vimeng'enya viwili kutoka katika protini kubwa iliyo kwenye utando wa seli. Mara nyingi kipande hicho huwa na amino asidi 40, na wakati mwingine 42. Tofauti ya amino asidi mbili inaonekana ndogo, lakini kile cha 42 hunata kwa wepesi zaidi, na ndicho kinachoanza kujikusanya pale ubongo unaposhindwa kukiondoa. Jeni ya protini hiyo kubwa iko kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 21, na ndiyo maana watu wenye hali ya Down, ambao wana kromosomu hiyo mara tatu, hupata mabonge haya wakiwa bado na umri mdogo.

Protini ya pili ni tau, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Ndani ya seli ya neva kuna mirija midogo ya kusafirishia virutubisho, na tau huishikilia mirija hiyo kama mataruma yanavyoshikilia reli. Tau inapobebeshwa kemikali iitwayo fosfeti kupita kiasi huachia, mirija hulegea, na tau yenyewe husokotana na kuwa zile nyuzi alizoziona Alzheimer. Kusambaa kwa tau kutoka sehemu ya kumbukumbu kwenda sehemu nyingine za ubongo hulingana na dalili za mgonjwa kuliko wingi wa amiloidi. Wapo wazee wenye amiloidi nyingi ambao akili zao ziko timamu. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya familia kugundua lolote, kwa hiyo ugomvi wa shamba wa mwaka jana, ambao hutajwa mara kwa mara kuwa chanzo, haukuuleta ugonjwa huu.

Kuhusu damu. Siku hizi inawezekana kupima katika damu aina ya tau yenye fosfeti iitwayo p-tau217, ambayo huongezeka pale amiloidi inapojikusanya ubongoni. Hata hivyo, viwango vya kulinganishia vimetokana kwa sehemu kubwa na damu ya watu wa Ulaya na Marekani, na hatuwezi kuvichukua kama vilivyo. Ugonjwa wa figo, kwa mfano, hupandisha kipimo hicho hata kwa mtu asiye na Alzheimer. Jeni iitwayo APOE4, ambayo huongeza sana hatari kwa watu wa asili ya Ulaya, ilionekana kuwa na athari ndogo zaidi kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria. Bila damu ya wazee wa Kanda ya Ziwa, kipimo kitakachofika hapa kitakuwa kimepimwa kwa watu wengine.

Utaratibu ni huu, na hauna njia ya mkato. Utafiti wowote wa afya nchini hauanzi kabla ya kupata kibali cha maadili kinachosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mzee husomewa maelezo kwa lugha anayoielewa, Kiswahili au Kisukuma, akauliza maswali, kisha akatia sahihi au dole gumba. Iwapo uwezo wake wa kuamua umepungua, ndugu wa karibu huridhia kwa niaba yake, lakini mzee akikataa kwa ishara tu, hatumgusi. Sampuli hupewa namba badala ya jina, plazma, yaani majimaji ya damu, hutenganishwa na kuhifadhiwa kwenye nyuzijoto 80 chini ya sifuri, na haiwezi kusafirishwa nje ya nchi bila kibali na mkataba wa maandishi wa kuhamisha sampuli. Taarifa za mshiriki zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza haki yake ya matibabu. Majibu ya utafiti hayatumiki kumwambia mtu mmoja mmoja kwamba ana ugonjwa, na tunasisitiza hilo kwa sababu watu hukasirika wanapoondoka bila karatasi ya majibu.

Kuhusu tuhuma za uchawi, nitasema waziwazi. Macho mekundu ya bibi yanatokana mara nyingi na moshi wa kupikia kwa miaka mingi, na kuongea na marehemu au kutoka nje usiku ni dalili zinazojulikana za ugonjwa huu. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18. Kumuua ni mauaji ya kukusudia chini ya kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake kwa kifungu cha 197 ni kifo. Aliyetuma watu hawezi kujitetea kwamba mganga ndiye aliyemtajia jina.

Dawa ya kuponya haipo. Lecanemab, dawa iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi, na katika jaribio la miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27. Lakini katika jaribio hilo iliingizwa kwa dripu kila baada ya wiki mbili, na inaweza kusababisha uvimbe au damu kuvuja ubongoni, hivyo hudai picha za MRI, zinazoonyesha ndani ya ubongo, za mara kwa mara. Anayewauzia dawa ya kusafisha protini kichwani anawadanganya. Kwa sasa kinachosaidia zaidi ni kudhibiti presha na kisukari, kutibu usikivu hafifu, na kuvaa kofia ngumu kwenye bodaboda ili kichwa kisiumie.

Mzee anayeanza kusahau apelekwe kituo cha afya mapema, kwa kuwa upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende, VVU na sonona vinaweza kufanana na Alzheimer, na vyote vina matibabu. Aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, apelekwe siku hiyohiyo, maana huenda ni malaria au maambukizi mengine. Abebewe dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na aongozane na ndugu anayeishi naye nyumba moja, si yule anayetuma fedha kutoka Dar es Salaam, kwa sababu daktari atauliza ni lini mzee aliacha kujua bei ya samaki sokoni, na swali hilo hujibiwa na aliyekuwepo.