Urejeshaji wa chombo cha mbao maana yake nini

Katika maduka ya samani ya Nairobi, na siku hizi hata katika hoteli zinazopenda kujipamba kwa mambo ya pwani, yamezuka mazoea ya kuuita kila ubao mkuukuu uliowahi kulowa maji ya bahari “jahazi lililorejeshwa”. Meza iliyotengenezwa kwa mbao za ubavu wa mashua huitwa hivyo. Mashua iliyokatwa katikati na kusimamishwa ukutani ili ipangiwe chupa huitwa hivyo. Chombo kipya kabisa kilichoundwa kwa mtindo wa zamani nacho kinasemwa kuwa kimerejeshwa. Na jahazi la mizigo ambalo mwenyewe amelibadilisha mbao mbili tatu ili lisizame hutajwa katika habari kwa neno lilo hilo. Mambo haya manne hayafanani hata kidogo, na mawili ya kwanza ni kinyume cha neno lenyewe, kwa sababu chombo kilichogeuzwa meza hakina tena pa kurejea.

Maana yenyewe haina ugumu. Urejeshaji ni kazi ya kukirudisha chombo kilekile katika hali kiliyokuwa nayo wakati fulani unaojulikana, kwa kufuata ushahidi wa hali hiyo. Kinachowatatiza watu ni kwamba neno hili lina majirani watatu, yaani ukarabati, uhifadhi na nakala, na kila mmoja ana kazi yake.

Tuanze na neno lenyewe. Kurejesha ni kukifanya kitu kirejee, na kitenzi rejea tulikipokea kutoka Kiarabu, ambako raja'a ni kurudi. Anayerudi hurudi mahali. Wazee wa bahari walisema “enda tezi na omo, marejeo ni ngamani”, nao walijua walichokitaja: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini ambapo maji yanayovuja hukusanyika na kusubiri kutekwa. Methali hiyo huelekezwa kwa watu zaidi kuliko kwa mbao, lakini umbo lake linatufaa hapa, kwa kuwa marejeo yake yana mahali palipotajwa. Mtu akikwambia kwamba chombo kimerejeshwa, swali la haki la kumuuliza ni hili: kimerejeshwa hadi lini? Asipokuwa na mwaka, au angalau kipindi, kazi aliyoifanya ina jina jingine, na huenda ikawa kazi njema sana.

Mfano ulio wazi zaidi uko Portsmouth, Uingereza. Meli ya vita HMS Victory ilishushwa majini mwaka 1765, ikapigana Trafalgar mwaka 1805, kisha ikaendelea kubadilishwa kadiri miaka ilivyopita, hata umbo lake likawa mbali na lile la vita hivyo. Ilipopandishwa gudini, yaani mahali pakavu pa kutengenezea meli, mwaka 1922 ilibidi uamuzi ufanyike, na uamuzi ukawa kuirudisha katika sura ya 1805, wala si ile ya 1765 ilipotoka mikononi mwa mafundi. Hiyo maana yake ni kwamba kazi halali ya mafundi wa miaka ya baadaye iliondolewa ili kazi ya mafundi wa mwaka mmoja ionekane. Urejeshaji daima una gharama hiyo: ukiuchagua mwaka mmoja umeikataa miaka mingine. Mbao nyingi za meli hiyo zimebadilishwa mara kwa mara tangu zamani, na wapo wanaopenda kuuliza kama bado ni meli ileile, kama wanafalsafa wa Athens walivyobishana kuhusu merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja baada ya nyingine. Mjadala huo ni mtamu, ila fundi aliyesimama mbele ya mkuku (uti wa chini wa chombo) ulioliwa haumsaidii sana. Linalomsaidia ni kujua mwaka anaoulenga na ushahidi alio nao.

Kuhusu ushahidi, hati iliyokubaliwa Venice mwaka 1964, ambayo wahifadhi wa majengo ya kale huifuata hadi leo, inasema kwamba urejeshaji hukoma pale ubashiri unapoanza. Mwaka 2003 ikapatikana hati ya Barcelona, ambayo ilichukua mawazo hayo na kuyaelekeza kwa vyombo vya kijadi vinavyoendelea kusafiri. Sharti la ubashiri ni kali kuliko linavyoonekana. Mafundi wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu, au wa Nungwi huko Unguja, kwa desturi huunda chombo bila mchoro: vipimo viko machoni na mkononi, na taruma, yaani mbavu za chombo, huchongwa kutoka tawi lililojipinda lenyewe msituni kwa namna inayolingana na ubavu unaokusudiwa. Kwa hiyo anayetaka kulirejesha jahazi la pwani hana kabati la michoro la kufungua. Ana picha za zamani iwapo zipo, ana masimulizi ya mabaharia, na ana chombo chenyewe: matundu ya misumari iliyong'olewa, mikwaruzo ya kamba, mahali ambapo mlingoti ulisimama kabla haujasogezwa, ubao wa tezi uliokatwa ili mashine ipate pa kukaa. Hapo ndipo mwaka wa kurudia unapouma. Chombo hicho kiliwahi kwenda kwa tanga peke yake, kisha kikapewa injini, na miaka yake ya injini huenda ndiyo iliyowasomesha watoto wa mwenyewe. Anayeing'oa injini ili chombo kiwe cha kale zaidi anafanya chaguo, na inafaa alitangaze kama chaguo.

Jirani wa kwanza, ukarabati, ndiye anayedhulumiwa zaidi. Kukarabati ni kukifanya chombo kifae kwa kazi, basi, hakuna mwaka unaotafutwa. Mbao iliyooza inatolewa, nyingine inatiwa. Msumari ulioliwa na kutu hubadilishwa. Katika maji yetu kazi hii haina mwisho, kwa sababu bahari ya joto ina kiumbe wa ukoo wa chaza na kome, mwenye umbo la mnyoo, anayetoboa mbao kwa ndani huku nje pakionekana pazima. Dawa ya mababu dhidi yake ilikuwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu na kupakwa sehemu ya chombo inayokaa majini, na juu ya mstari wa maji wakapaka sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake hukaribisha chombo kabla hakijaonekana. Kati ya ubao na ubao hutiwa pamba iliyolowekwa mafuta na kugongwa kwa patasi butu ili maji yasipite, na kazi hiyo inaitwa kukalafati.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana kukalafati ni neno lililosafiri kuliko manahodha wengi. Waarabu husema qalfata, Wareno calafetar, Waitaliano calafatare, na Wagiriki wa Konstantinopoli walikuwa na kalaphates, mtu wa kazi hiyo. Mfalme wao Mikaeli wa Tano, aliyetawala kati ya 1041 na 1042, alibandikwa jina hilo kwa dharau kwa sababu baba yake alikuwa fundi wa kukalafati. Bandari zote hizo zilishiriki neno moja kwa sababu zilishiriki tatizo moja la maji kupenya, na hakuna hata moja iliyoiona kazi hiyo kuwa ya kurudisha historia. Ilikuwa kazi ya msimu, ifanywe kabla ya pepo za kusi au kaskazi kubadilika. Mwenye jahazi anayelipandisha ufukweni kila mwaka na kulikalafati anafanya jambo lililo na heshima kamili, na kumwambia kwamba “amelirejesha” ni kumpa sifa asiyoiomba na kumnyima ile anayostahili.

Jirani wa pili ni nakala, na hapa makosa huwa makubwa. Mtepe ni chombo kilichoshonwa: mbao zake hazikupigiliwa misumari bali ziliunganishwa kwa vigingi vya mti na kufungwa kwa kamba za usumba, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Ufundi wa kushona vyombo katika mwambao huu ni wa kale mno. Mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza unaitaja bandari ya Rhapta na kusema kwamba ilipata jina hilo kutokana na vyombo vyake vya kushonwa. Wareno walipopita mwaka 1498 nao waliandika kuhusu vyombo visivyo na misumari vyenye matanga ya mikeka. Kisha mitepe ikapungua, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ikatoweka baharini kabisa. Hakubaki hata mmoja mzima wa kurejeshwa. Kilichobaki ni maelezo, picha, na mitepe midogo ya mfano kama ule ulio katika makumbusho ya Lamu.

Ndiyo maana mtepe mkubwa ulioundwa Zanzibar mwaka 2003 na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, ni nakala. Uliundwa upya, kuanzia mkuku. Vivyo hivyo Jewel of Muscat, chombo cha kushonwa kilichoundwa Oman na kusafiri hadi Singapore mwaka 2010: kilifuata mabaki ya chombo cha karne ya 9 yaliyogunduliwa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, mwaka 1998, hata mbao zikachaguliwa za mti wa jamii moja na mbambakofi wetu, lakini hakuna ubao wake uliowahi kuelea karne ya 9. Neno nakala limetokana na naqala ya Kiarabu, kuhamisha, na kinachohamishwa hapa ni ujuzi. Wanaodhani kwamba neno hilo ni tusi wanatazama nakala za hati zinazogongwa mihuri katika ofisi za jiji. Nakala nzuri ya chombo hufundisha mambo ambayo chombo cha asili hakiwezi kuyafundisha tena: namna mshono unavyolegea katika mawimbi, ni mara ngapi kamba hubanwa, mkeka unashika upepo kiasi gani kabla haujachanika. Kwa kuiita urejeshaji, hata hivyo, tunamwaminisha mtoto wa shule kwamba aligusa ubao walioushika Wabajuni wa kale.

Kuna pingamizi moja la kweli. Mwaka 1994 wataalamu walikutana Nara, Japani, wakakubaliana kwamba uhalisi wa turathi hauko katika mali ghafi peke yake, bali pia katika ufundi, matumizi na desturi za watu wenyewe. Wajapani hulijenga upya hekalu la Ise kila baada ya miaka 20, na hakuna anayesema kwamba ni la uongo. Kwa mwambao wetu hoja hiyo ina uzito, kwani chombo kipya kilichotoka kwa fundi wa Matondoni aliyefunzwa na baba yake huenda kina ukale mwingi kuliko gogo lililokaushwa na kuwekewa taa. Nakubali. Kitenzi tulichorithi kwa kazi hiyo, lakini, ni kuunda. Nyumba ilijengwa, chungu kilifinyangwa, chombo kiliundwa, kabla Nairobi haijalichukua neno hilo na kuligawia tume na kamati. Anayeendeleza ufundi anaunda, na kuunda hakuhitaji kukopa cheo kwa kurejesha.

Jirani wa tatu, uhifadhi, ni kukizuia chombo kisiendelee kuharibika bila kukitafutia sura mpya. Meli ya Vasa ilizama Stockholm mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, ikainuliwa mwaka 1961 ikiwa karibu nzima kwa kuwa maji ya Baltiki yana chumvi chache na yule mtoboaji wa mbao hayawezi. Kisha ikanyunyiziwa dawa ya kushikilia mbao kwa miaka 17. Mombasa tulichukua njia nyingine. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mwaka 1697 mbele ya Ngome ya Yesu wakati ngome hiyo ilipozingirwa na maadui, ilichimbuliwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980; vitu vyake vikapandishwa, nacho kiunzi kikapimwa, kikaandikwa na kuachwa palepale chini ya mchanga. Huo ni uhifadhi uliokamilika, ingawa hauna cha kupigia picha.

Basi muuza samani anaweza kuandika “meza ya mbao za jahazi”, na meza itauzwa vilevile. Mwandishi wa habari anayekuta chombo kimepandishwa ufukweni kikigongwa pamba aandike kwamba kinakarabatiwa, na akikuta chombo kipya chenye sura ya kale aandike kwamba ni nakala na amtaje fundi aliyekiunda. Neno urejeshaji tuliweke kwa chombo kilekile, na kila tunapoliandika tuongeze mwaka kinakorudishwa, pamoja na sentensi moja inayosema mwaka huo ulijulikanaje.